Magodoro Mazito

Kazi ya wakala wa forodha ni kusema kilichomo ndani ya gari la mtu mwingine. Anapokea karatasi za mwenye mzigo, anajaza tamko, anatia saini na kugonga muhuri wake, na kuanzia hapo kila kilichomo garini kinahesabiwa kuwa ni neno lake. Kikikutwa kitu ambacho hakukitaja, mwenye mzigo atasema alikuwa mbali, dereva atasema yeye kazi yake ni usukani, na wakala ndiye atakayebaki ameshika muhuri.

Mama Hebu hakuhitaji kukumbushwa jambo hilo. Ofisi iliyopakana na yake ilikuwa na kufuli lililoshika kutu. Mwenye ofisi hiyo aliwahi kumgongea rafiki yake muhuri kwa shehena ya sabuni bila kuifungua, na nyuma ya sabuni zikakutwa sigara. Rafiki alilipa faini, akaendelea na biashara zake. Wakala alinyang'anywa leseni, na siku hizi anauza soksi mlangoni mwa ukumbi wa abiria, ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi Mama Hebu alipopita hapo alimjulia hali, na mara kwa mara alimnunulia jozi ya soksi asizozihitaji. Droo ya chini ya meza yake ilikuwa imejaa soksi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani, na hapo ndipo lilipoishia. Madereva walimwita Mama Hebu, kwa kuwa hakuna karatasi aliyoipokea bila kunyoosha mkono na kusema, "Hebu tuone." Ofisi yake ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Ndani mlikuwa na meza, printa iliyofunikwa kitambaa, feni yenye shingo mbovu, na benchi la wateja ambalo alilifupisha mguu mmoja kwa makusudi, ili mtu asikae akastarehe. Alisema mtu anayeyumba hawezi kudanganya vizuri. Muhuri wake aliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya gauni, na hata msalani alikwenda nao.

Tabia hiyo hakuiacha kazini. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa pekee, na alimlea kama anavyokagua mizigo. Begi la shule lilifunguliwa kila jioni. Rafiki aliyekuja kusalimia aliulizwa anakaa wapi na wazazi wake wanafanya kazi gani. Siku kijana mmoja dereva wa lori alipokuja kuomba kumwoa binti huyo, Mama Hebu alimwomba leseni ya udereva, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza na kuikwaruza kwa ukucha. Leseni ilikuwa halali. Ndoa ilifungwa, na dereva akawa shemeji, lakini kila alipomtazama Mama Hebu ilikuwa kama bado anaiona leseni yake mkononi mwake.

Baada ya ndoa, mdogo wake alitaka kufungua chumba cha ushonaji kwenye mji alioishi na mumewe, saa chache kwa basi kutoka kituo cha mpakani. Mama Hebu alisafiri kwenda kukiona. Aliuliza juu ya dari, juu ya choo, juu ya mpangaji aliyetangulia na sababu ya kuondoka kwake. Alimuuliza mwenye nyumba kama kweli nyumba ni yake. Mwenye nyumba alikasirika, akampa chumba mtu mwingine. Njiani kurudi, Mama Hebu alijisifu kimoyomoyo kwamba amemwokoa mdogo wake na matapeli. Mdogo wake hakusema kitu, na Mama Hebu akauchukua ukimya ule kuwa ni shukrani.

Ndivyo mambo yalivyokuwa, mpaka asubuhi shemeji alipokuja na lori la magodoro.

"Dada mkubwa, shikamoo."

Mama Hebu aliinua macho polepole. Miaka yote mtu huyu alikuwa akimwita shemeji.

"Marahaba. Leo nimekuwa dada mkubwa?"

"Si ndivyo ulivyo?"

"Nimekuwa hivyo tangu zamani. Wewe ndio umegundua leo."

Shemeji alicheka, akakaa kwenye benchi, akayumba, akasimama tena. Akaweka mezani boksi jipya. Ndani yake mlikuwa na chupa ya chai, nyekundu, yenye mpini.

"Nimeona ile yako kifuniko kimekatika."

"Kimekatika mwaka wa tatu huu. Karatasi ziko wapi?"

Alizitoa kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni: ankara ya kiwanda, orodha ya mzigo na hati ya mizani.

"Hebu tuone," akasema Mama Hebu, na miwani ikashuka puani. "Magodoro."

"Magodoro matupu."

"Sijakuuliza kama ni matupu."

Hapo shemeji alitazama dirishani. Mama Hebu naye akatazama huko huko, akaona kwamba lori halikuegeshwa mbele ya ofisi kama kawaida yake. Lilikuwa mwisho kabisa wa uwanja, milango ya nyuma imegeuzwa ukutani. Alilitia jambo hilo akilini, mahali pale pale alipoliweka neno dada mkubwa na chupa ya chai.

Wakati huo karani wa mizani alikuwa anapita na kikombe chake kitupu. Alikuwa mtu wa utani, na kwa bahati mbaya ya shemeji alisimama dirishani.

"Mama Hebu, hebu nisaidie. Hayo magodoro ya shemeji yako yamekula nini?"

"Kwa nini?"

"Mimi nimepima magodoro ya kiwanda kile tangu nikiwa na nywele. Lori zima halifikishi uzito huo. Labda wameshayalalia watu na bado wamo."

Akaondoka huku anacheka mwenyewe. Ofisini hakuna aliyecheka.

"Mvua," akasema shemeji. "Ilinyesha njiani. Yamelowa kidogo."

"Bodi lako ni la chuma, na milango ina mpira."

"Na tenki nimejaza mafuta."

"Ni mvua au ni mafuta?"

"Mvua na mafuta, dada."

Mama Hebu alivua miwani. "Twende tukafungue."

Shemeji alijaribu kuongea taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alisema dada anajua magodoro yalivyo. Kiwandani hubanwa kwa mashine na kufungwa kamba, ndipo yanapoingia mengi kwenye gari moja. Ukikata kamba yanavimba, na yakishavimba hayarudi. Nani atayarudisha? Mwenye mzigo atasema nini? Mawakala wote hapa wanayasaini magodoro bila kuyafungua, hata ofisa mwenyewe huchungulia mlangoni tu.

Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyozidi kumtia mashaka. Kama yeye angekuwa na kitu cha kupitisha bila kuonekana, angekificha nyuma ya magodoro. Alijiuliza kwa nini hakuwahi kuliwaza jambo hilo kabla ya leo.

"Nenda kakae garini," akasema. "Nitakuita."

Alipobaki peke yake alimpigia simu mdogo wake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nyumbani. Nafagia."

"Mbona sauti yako inarudi?"

"Inarudi wapi?"

"Inarudi. Kama unaongea uko ndani ya pipa."

"Simu hii, dada. Ni mbovu."

Mama Hebu alisikiliza. Hata pumzi za mdogo wake zilikuwa na mwangwi. "Mumeo yuko hapa na magodoro. Anataka nisaini bila kuona."

Mdogo wake akasema kwa sauti ndogo, "Basi msaidie. Mara moja tu katika maisha yako, dada, msaidie mtu bila kumuuliza."

Simu ikakatika, au ilikatwa.

Mama Hebu alikaa na muhuri ndani ya ngumi. Sasa aliamini kwamba lipo jambo, na kwamba mdogo wake analijua. Akalipanga kichwani kama anavyopanga karatasi: dereva amepata watu, watu wamempa mzigo, mzigo ni wa kuficha, na amemwingiza mkewe ili mkewe amlainishe dada. Akisaini na likagunduliwa, leseni imekwenda, na atatafuta pa kukaa karibu na yule wa soksi. Akikataa, shemeji atalipeleka gari kwa wakala mwingine, na jambo likilipuka mdogo wake atalipuka nalo. Njia ilikuwa moja tu. Ilimbidi aone.

Alimwita mkuu wa wachukuzi, mtu mfupi mwenye mabega mapana aliyeitwa Kamba, akavuka naye uwanja. Shemeji alishuka garini alipowaona.

"Shemeji, nakuomba."

"Eh," akasema Mama Hebu, "udada umeisha?"

Lori lilisogezwa mbele, milango ikafunguliwa. Magodoro yalijaa mpaka juu, yamebanwa kiasi kwamba hata kalamu isingepenya katikati yake. Kamba aliyapapasa, akatikisa kichwa. "Aliyeyapanga haya alikuwa na hasira na mtu," akasema, akakata kamba ya kwanza.

Godoro liliruka nje. La pili likafuata, kisha yakawa yanaanguka yenyewe, na kila lililogusa ardhi lilivuta pumzi na kuvimba kama unga uliotiwa hamira. Muda si mrefu nusu ya uwanja ilikuwa imefunikwa. Madereva waliokuwa wanasubiri karatasi zao walisogea na vikombe vyao.

"Mama Hebu leo amekuja kulala."

"Nigongee muhuri godoro moja, mama, hili la kwenye gari langu limebaki jina tu."

"Wewe ukilala hapa ataomba kitambulisho cha ndoto zako."

Mama Hebu alimtazama shemeji, ambaye alikuwa ameinama anajifanya anakagua tairi. Mtu mwenye sigara ndani ya gari, alijisemea, huwa anatazama milango. Huyu anaona aibu. Ilimshangaza kidogo.

Kutoka ndani kabisa, Kamba akaita. "Mama, huku kuna nyumba."

"Nyumba gani?"

"Nyumba. Kabati, meza, vyombo, kila kitu. Njoo uone mwenyewe."

Alipanda akisaidiwa na wachukuzi wawili, akawasha tochi ya simu. Mbele kabisa, nyuma ya kibini ya dereva, palikuwa na kitanda kilichofunguliwa na kusimamishwa, kabati la vyombo lililofungwa milango kwa kanda ya gundi, viti vinne vilivyopandiana, na furushi la sufuria. Furushi lilikuwa limefungwa kwa shuka la maua ya zambarau. Shuka hilo alilinunua yeye, siku ya harusi.

Kando yake, chini ya blanketi, palikuwa na cherehani ya mama yao, ile ya kukanyaga kwa miguu. Aliijua kabla hajaifunua, kwa waya uliochungulia chini ya blanketi, ule aliouzungusha mwenyewe kwenye kikanyagio siku kilipovunjika. Aliweka kiganja juu ya gurudumu, likazunguka kidogo bila kelele. Lilikuwa limetiwa mafuta karibuni.

Hapo akauelewa mwangwi. Mdogo wake hakumdanganya kuhusu kufagia. Alikuwa anafagia nyumba tupu.

Kama zingekuwa sigara angejua la kufanya nazo. Alikaa juu ya furushi la sufuria, kiganja kimebaki kwenye gurudumu.

Shemeji alipanda, akasimama mbali kidogo.

"Mnahama," akasema Mama Hebu.

"Tunahama. Nimepata kazi upande wa pili wa mpaka, bohari ya kiwanda. Sitakuwa nasafiri tena. Na kuna chumba cha barabarani, atashonea."

"Bosi wako anajua umepakia hivi vitu?"

"Anajua. Hii nafasi alinipa yeye."

"Kwa hiyo bosi anajua, mimi sijui. Vitu vya nyumbani vilivyotumika havitozwi ushuru. Havijawahi kutozwa. Ni tamko moja, ukurasa mmoja."

"Najua, shemeji."

"Unajua, na ukavificha kama bangi?"

"Ukurasa huo unagongwa na wakala."

"Mawakala wako kibao hapa."

"Wote wangekuwa mlangoni kwako kabla wino haujakauka." Shemeji alijikuna shingo. "Mwenzangu alisema, dada akijua hatutahama. Tutakaa tunajibu maswali mpaka tuzeeke. Atataka kujua chumba kina dari gani. Atampigia simu mwenye nyumba. Nikamwambia basi tupite kimya kimya, tukifika tutamwambia. Mimi sikuwa nawaficha forodha. Nilikuwa nakuficha wewe."

Mama Hebu alitaka kuuliza chumba kina dari gani. Swali lilifika mpaka kwenye meno.

Nje, gumzo la madereva lilikatika ghafla. Ofisa wa forodha alikuwa anakuja, mrefu, mikono nyuma, anayakwepa magodoro kama mtu anayevuka madimbwi.

"Mama Hebu. Hii ni nini?"

Ofisa alikuwa kijana wa adabu, lakini macho yake yalikuwa tayari yamefika ndani, juu ya kabati. Mama Hebu alisimama kwenye ukingo wa bodi. Aliijua sheria. Bidhaa zisizotajwa zikikutwa ndani ya gari, gari linazuiwa na kila kilichomo, dereva anapoteza kazi. Alikuwa bado hajasaini kitu. Angeweza kusema, "Sijui, bwana ofisa, nimevikuta," na hapangekuwa na uongo hata neno moja. Leseni yake ingebaki safi ukutani. Lori lingelala uwanjani. Kazi ya bohari ingekwenda kwa mwingine, cherehani ingerudishwa ilikotoka, na mdogo wake angebaki mji ule ule, mwisho wa safari ya basi ambayo dada yake aliijua kona zote. Hakuna ambaye angemlaumu. Huenda hata wangempongeza.

Shemeji alikuwa anamtazama. Alionekana kama mtu aliyekwisha kulijua jibu.

"Ni ukaguzi wangu wa awali," akasema Mama Hebu. "Tamko bado sijaliwasilisha. Yatakuwa matamko mawili. La magodoro, na la vitu vya nyumbani."

"La pili liko wapi?"

"Mwenye vitu hajasaini."

"Ni vitu vya nani?"

"Vya mdogo wangu. Tumbo moja."

Ofisa aliinua nyusi. "Mdogo wako anahama, na wewe ulikuwa hujui?"

Madereva walikuwa wanasikiliza wote. Pale kituoni hakuna aliyewahi kumsikia Mama Hebu akikiri kwamba kuna kitu hakijui.

"Sikujua," akasema.

Ofisa alimtazama kwa muda, kana kwamba anatafuta mahali pa kuingiza ukucha. Kisha akatazama magodoro. "Dereva haruhusiwi kusaini vitu vyake kwenye gari la mwajiri. Mwenye vitu aje mwenyewe, kabla sijafunga geti. Na hivi vitanda viondoke uwanjani kwangu."

Alipoondoka, Mama Hebu alimgeukia shemeji. "Mpigie. Aje."

"Yuko kwenye basi. Alipanga apite upande wa abiria."

"Amejifunika mtandio?"

Shemeji alisita. "Alisema atajifunika."

Mdogo wake aliingia ofisini mchana, mtandio mkononi, vumbi la safari usoni. Hakukaa kwenye benchi. Alivuta kiti cha plastiki kilichokuwa nyuma ya mlango, kile alichokuwa akikalia akiwa mtoto wa shule akisubiri dada yake afunge kazi, ingawa sasa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mvi mbili tatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?" Mama Hebu akaanza, kisha akavuta karatasi. "Jina lako ninalo. Unahama kutoka wapi, najua. Kwenda wapi?"

Mdogo wake alitaja. Kalamu iliandika.

"Vitu vyote ni vya kwako?"

"Vyote. Cherehani ni ya mama. Ni yetu wote. Kama unaitaka nitaishusha."

"Sikuuliza hivyo. Imeandikwa hapa, lazima niulize. Vimetumika?"

"Si umeviona."

"Nimeviona." Kalamu ilisimama. Chini kulikuwa na mstari mmoja uliobaki. "Sababu ya kuhama."

"Andika kazi ya mume."

"Ndiyo sababu?"

Mdogo wake aliukunja mtandio, akaukunjua. Feni iligeuka kwa shida, ikawapulizia, ikaondoka.

"Kazi tungeweza kuikataa," akasema. "Dada, wewe umenilea, sina wa kunifanyia ulichonifanyia. Lakini nataka nikae mahali ambapo nikinunua sufuria, hakuna wa kuniuliza ile ya zamani ilikuwa na nini. Nataka nikosee. Nikodi chumba kibaya, dari ivuje, nihame mwenyewe. Kile chumba cha kwanza ulichokikagua, nilikipenda. Nilishachagua hata rangi ya pazia."

"Mwenye nyumba alikuwa tapeli."

"Huenda."

"Alikasirika bure."

"Dada, wewe ukimuuliza mtu, hata asiye mwizi anajisachi mifuko."

Mama Hebu alikaribia kucheka, lakini kicheko hakikuja. Alitazama karatasi. Alikuwa na maswali mengi na kila moja lilikuwa la haki: nani amekiona chumba, mkataba umesomwa na nani, bohari hiyo ina miaka mingapi. Ungeweza kuyaona yakipita usoni mwake, moja baada ya jingine, kama malori getini. Mdogo wake alisubiri, mabega yamepanda, jinsi alivyokuwa akisubiri begi la shule likifunguliwa.

Mama Hebu aliandika "Makazi mapya", akaisukuma karatasi. Mdogo wake akasaini. Kisha Mama Hebu akaingiza mkono ndani ya kola ya gauni, akautoa muhuri, ukiwa na joto la kifua chake, akaupulizia na kuugonga. Aliugonga mara moja tu, kwa nguvu, hata chupa mpya ya chai ikatikisika mezani.

Kazi ilibaki kwenye magodoro. Kamba na watu wake walikuwa wamejaribu kila namna. Walipoyaingiza, milango haikufunga, na yaliyobaki nje yalitosha kulaza bweni. Walifunga kamba mpya, lakini mashine ya kiwandani hawakuwa nayo.

"Uzito," akasema Kamba. "Nipeni watu wakae juu, nivute."

Madereva wawili walipanda kwenye fungu la kwanza, wakateremka wakilalamika migongo. Mafungu yalikuwa mengi. Mwishowe Mama Hebu alivua viatu, akapanda, akakaa katikati kwa uzito wake wote. Fungu lilishuka kidogo.

"Haitoshi," Kamba akasema.

Mdogo wake akapanda, akakaa ubavuni pake. Godoro likawasogeza mabega mpaka yakagusana. Kamba akavuta, fungu likaguna, kamba ikakazwa.

"Mama Hebu, hebu nenepa," dereva mmoja akasema kutoka pembeni.

"Hebu nyamaza," akajibu mdogo mtu, na uwanja mzima ukacheka, na dada mtu naye.

Walihama kutoka fungu hadi fungu hivyo, wamekaa kama abiria, mpaka milango ikafungwa kwa kusukumwa na mabega. Ofisa alisoma matamko yote mawili, akachungulia, akaweka lakiri ya forodha mlangoni. Mama Hebu aliivuta kuona kama imeshika. Akaivuta tena. Shemeji alipanda kwenye usukani, mkewe akapanda upande wa pili. Mdogo wake aliinamia dirishani.

"Nitapiga simu."

"Ukitaka."

Lori lilipita getini. Mama Hebu alirudi ofisini kwa njia ya ukumbi wa abiria, akamkuta muuza soksi anafunga meza yake.

"Nimesikia umefungua magodoro," akasema muuza soksi. "Ulikuta nini?"

"Magodoro," akajibu Mama Hebu, na siku hiyo hakununua soksi.

Simu haikuja siku hiyo, wala iliyofuata. Alidhani wametekwa, alidhani chumba hakipo, alidhani lile jina la bohari lilikuwa la kubuni. Mara kadhaa alishika simu, akaiweka. Alimimina chai kutoka kwenye chupa nyekundu baada ya kuinusa ndani, akakiri kwamba inatunza joto. Siku moja alipokuwa anapitia ankara ya mabati, simu iliita.

"Dada, shikamoo."

Sauti ilikuwa inarudi, kutoka ukutani na kutoka juu. Mama Hebu alitega sikio. Kama kuna dari, ilikuwa ya mbao nyembamba au haikuwepo.

"Marahaba. Mmefika salama."

"Tumefika."

Dereva mwenye mabati alikuwa anayumba kwenye benchi, akisubiri.

"Uliza, dada," mdogo wake akasema. "Nasikia unavyopumua."

Mama Hebu alifikiri. "Pazia umechagua rangi gani?"

Upande wa mdogo wake, cherehani ilizunguka mara mbili ikasimama, kama mtu aliyeondoa mguu kwenye kikanyagio ili asikie vizuri.

"Bado sijachagua," akasema. "Ngoja nikutajie zilizopo."